Kabla ya kuziba baridi Karatu, jiko la mkaa litoke chumbani

Kila jioni kuanzia Juni hadi Agosti, kwenye hoteli zilizojengwa ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, wahudumu hupita chumba hadi chumba na chupa za mpira zilizojazwa maji ya moto. Chupa huvishwa kitambaa, ikaingizwa chini ya blanketi upande wa miguu. Mgeni akirudi kutoka mezani anakuta kitanda kimeshapata joto, hulala na kusahau kwamba yuko mita zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Zikifika siku zake za mapumziko, mhudumu huyo hushuka kwenda nyumbani Karatu mjini, Rhotia au Tloma. Huko watoto watatu wamelala godoro moja chini ya bati tupu, kila mmoja amevaa sweta la shule juu ya nguo za kulalia. Mdogo anakohoa. Mama, au bibi, anafanya kile ambacho mzazi yeyote mwenye huruma angefanya: anabeba jiko la mkaa lililobaki na moto kutoka jikoni, analiweka katikati ya chumba, anafunga mlango. “Chumba kipate joto kidogo, nitalitoa.” Kisha usingizi unampitia.

Jiko hilo ndilo la kuangaliwa kwanza kabla ya lingine lolote kuhusu baridi, ingawa wiki hizi simu za wazazi zimejaa jambo jingine kabisa. Ni video za mtu aliyevaa ovaroli nyeupe na barakoa, ameshika bomba, anapulizia chini ya paa kitu cha rangi ya krimu kinachoumuka kama unga wa mandazi. Ndani ya dakika chache paa lote limefunikwa, na maandishi chini ya video yanadai gharama za nishati za nyumba hiyo zimeshuka sana. Wanaotumiana video hizo kwenye makundi ya WhatsApp wanauliza swali moja: hili povu, huku kwetu linafaa?

Linafaa, ila kuna mambo yanayotangulia.

Bati linavyoiba joto

Mji wa Karatu uko kwenye kimo cha karibu mita 1,500. Haujafikia ukingo wa kreta, lakini usiku wa Julai joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, na upepo unaoteremka kutoka Oldeani na msitu wa juu hauulizi nyumba ni ya nani.

Nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi ni za tofali za kuchoma na bati. Ni nyumba nzuri. Hazihitaji kuezekwa upya kila baada ya misimu michache, na familia iliyohamia humo kutoka nyumba ya udongo na nyasi ina haki ya kujivunia. Tatizo ni kwamba ujenzi wake mara nyingi huishia pale fedha zilipoishia. Bati limepigwa, milango imewekwa, familia inahamia, dari itakuja Mungu akijalia. Kujaliwa huko huweza kuchukua miaka kumi.

Bati ni chuma chembamba, na joto hulipita kama vile halipo. Usiku usio na mawingu hupoa hata kuliko hewa iliyo nje, kwa sababu hutupa joto lake moja kwa moja angani. Pumzi za watu waliolala zikipanda na kuligusa, hugeuka matone. Ndiyo yale maji yanayodondokea blanketi alfajiri. Watoto husema bati linatoka jasho, na baba hupanda juu na nyundo akidhani linavuja. Unyevu huo ukizoea chumba huleta ukungu mweusi kwenye pembe za kuta, na ukungu humsumbua zaidi mtoto mwenye pumu.

Wataalamu wa majengo wana hesabu yao ya kupima upotevu wa joto. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye nyuzi 18 ndani wakati nje ni nyuzi 8, hupoteza takriban wati 850 kupitia bati tupu. Ni karibu sawa na hita ndogo iliyowashwa usiku kucha ili kulipasha joto anga la Karatu. Chumba hicho kikiwekwa dari ya kawaida, upotevu wa kupitia juu hushuka hadi wati 350 hivi. Juu ya dari hiyo zikiongezwa sentimita 5 za povu gumu, hubaki wati 50 tu. Mtu mzima aliyelala hutoa wati zipatazo 70 kwa mwili wake. Yaani mama peke yake, bila hita wala jiko, anarudisha chumbani joto lote linalotokea juu. Kuta, sakafu na nyufa za milango zina hesabu yake, lakini paa ndilo mwizi mkubwa.

Hesabu hiyo ina jambo ambalo wauzaji wa povu hawalisemi kwa sauti. Kati ya wati 850, dari ya kawaida inaokoa 500. Povu linakuja kuokoa 300 zilizobaki. Kwa familia ambayo haina dari, kuagiza povu ni kununua tai kabla ya shati.

Faida yenyewe haiishii kwenye baridi. Ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Karatu kuna Mang'ola, chini kule Ziwa Eyasi kwenye vitunguu, ambako saa nane mchana mtoto hawezi kukaa chini ya bati akaandika. Kinachozuia joto lisitoke Rhotia ndicho kinachozuia lisiingie Mang'ola. Familia zilizohama Ngorongoro kwenda Msomera wilayani Handeni, kuanzia Juni 2022, nazo zilitoka kwenye baridi zikaenda kwenye joto, na paa walilolikuta huko ni la bati.

Nyumba za bibi zilijua

Inachekesha kidogo kwamba elimu hii inarudi kwa njia ya video kutoka Marekani, wakati nyanda hizi zilikuwa nayo. Wazee wa Kiiraqw kule Mbulu, kabla watu hawajasambaa kuja Karatu, walijenga nyumba zilizochimbwa kwenye mteremko. Nyuma ni kilima chenyewe, juu ni paa bapa la miti lililobebeshwa udongo mzito. Simulizi husema zilijengwa hivyo ili zisionekane kwa mbali na waliokuja kuteka ng'ombe. Huenda. Lakini nyumba iliyomo ndani ya ardhi hubaki na joto lile lile usiku na mchana, na ng'ombe waliolala humo pamoja na watu walikuwa hita zisizohitaji umeme.

Upande wa Ngorongoro, mjenzi ni mwanamke wa Kimaasai. Husuka fito, akazikandika udongo uliochanganywa na samadi mbichi ya ng'ombe, ukuta mnene, paa la chini kiasi cha mtu mzima kuinama, tundu la mwanga lisilozidi kiganja. Ndama na wana-mbuzi wana kona yao ndani. Aliyewahi kulala humo usiku wa Julai anajua kwamba baridi hubaki mlangoni.

Anajua pia kwamba macho humwasha mpaka asubuhi, kwani nyumba inayotunza joto hutunza pia moshi. Wanawake na watoto waliokaa karibu na mafiga wamelipa gharama ya hilo kwa macho na vifua vyao, na hakuna sababu ya kuzisifia nyumba hizo bila kulitaja. Kule Monduli wanawake wa Kimaasai wamejifunza kujenga wenyewe, ndani ya nyumba za namna hiyo, majiko ya tofali yenye dohani inayotoa moshi nje kupitia ukutani. Joto linabaki, moshi unaondoka. Mpangilio huo unapaswa kufuatwa hata na mwenye nyumba ya tofali mjini.

Povu lenyewe ni kitu gani

Kila nyumba yenye godoro la sponji ina ndugu yake, na kila nyumba yenye friji inalo lenyewe. Kati ya bati la nje la friji na plastiki ya ndani kuna povu gumu la poliurethani. Ndilo linalofanya maziwa yabaki baridi hata umeme ukikatika kwa saa kadhaa. Vyumba vya baridi vya kuhifadhia mboga, nyama na maua hujengwa kwa kuta za aina hiyo.

Hutengenezwa kwa vimiminika viwili vinavyokaa mapipa tofauti. Mashine huvipasha moto na kuvisukuma kwa shinikizo hadi kwenye bomba, vinakutana pale mdomoni, vinaanza kuumuka na kukauka papo hapo. Kinachobaki ni mamilioni ya viputo vidogo vyenye gesi ndani, na gesi iliyofungiwa haisafirishi joto kirahisi, kama ilivyo kwa blanketi la manyoya. Sentimita 5 za povu gumu huzuia joto sawa na ukuta wa tofali wenye unene wa zaidi ya mita moja. Uzuri wake mwingine ni kwamba huingia kila ufa. Pamba ya kioo na mabamba hayawezi kuifuata kona iliyopinda. Povu hulifikia kila tundu.

Basi kwa nini mzazi wa Karatu asikimbilie?

Kwanza, moja ya vimiminika hivyo viwili ni kemikali ya jamii ya isosianati, ambayo ikivutwa kabla haijakauka inaweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Agosti 2023, zinamtaka fundi apate mafunzo maalumu kabla ya kuzitumia. Yule mtu wa kwenye video hakuvaa ovaroli na barakoa kwa mapambo. Kazi ikifanyika, watoto, wajawazito na mwenye pumu hawakai humo. Huondoka siku nzima au zaidi, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji, na nyumba huachwa wazi. Fundi anayesema “mnaweza kukaa sebuleni tu, namalizia chumbani” ni wa kushukuriwa na kuagwa.

Pili, linawaka. Likishika moto huwaka kwa kasi na kutoa moshi wenye sumu kali. Mwaka 2003 ukumbi mmoja wa muziki huko Rhode Island, Marekani, ulikuwa na sponji ya poliurethani ukutani ili kupunguza kelele. Fataki za jukwaani ziliigusa, na watu 100 walipoteza maisha. Ndiyo maana kanuni za ujenzi za huko hudai povu la ndani ya nyumba lifunikwe kwa jipsamu au kitu kingine kinachochelewesha moto. Kwa nyumba yenye nyaya za umeme zilizoning'inizwa kwenye kenchi na mtoto anayesoma kwa mshumaa LUKU ikiisha, povu lililoachwa wazi si jambo la kufikiria mara mbili. Onyo hilo linawahusu pia wanaotandika vipande vya magodoro makuukuu juu ya dari, jambo linalofanyika kuliko linavyosemwa. Ni sponji ile ile.

Tatu ni mbao. Povu likishaganda kwenye kenchi, hakuna anayeona tena kama mchwa wamepanda au msumari unavujisha. Uingereza wamekutana na balaa la namna hiyo: baadhi ya taasisi zinazokopesha fedha za nyumba hukataa nyumba iliyopuliziwa povu chini ya paa, kwa kuwa mkaguzi hawezi kuona hali ya mbao zilizo nyuma yake. Karatu, ambako mchwa hawahitaji kualikwa, ni afadhali mbao zibaki zinaonekana.

Kwa hoteli, kwa chumba cha baridi cha ushirika wa wakulima, kwa jengo jipya lenye mhandisi na fundi aliyefunzwa, povu ni kifaa kizuri na hulipa. Kwa nyumba ya familia isiyo na dari, fedha hiyo ina kazi nyingine.

Kuna hata hivyo ndugu yake mdogo ambaye familia inaweza kumtumia kwa akili: povu la kopo linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, lile mafundi wa aluminiamu wanalozibia kando ya fremu. Kopo moja huziba nyufa za madirisha na milango ya chumba kizima. Fundi avae glovu, madirisha yawe wazi, watoto wacheze nje mpaka likauke. Likishakauka likatwe na kupigwa plasta au rangi, kwa sababu jua hulila. Lisitumiwe karibu na jiko, dohani wala balbu inayopata moto.

Chumba kimoja kwanza

Mazungumzo ya mama mwenye nyumba na fundi wake mara nyingi huenda hivi.

“Fundi, nyumba hii inatuumiza kwa baridi.”

“Si nilikuambia, mama, tuweke dari kabla hamjahamia?”

“Uliniambia, baba. Na hela ulisema itoke wapi?”

Fundi hucheka, kwa sababu ni kweli. Jibu ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba dari si lazima ipigwe nyumba nzima. Ipigwe chumba cha watoto peke yake mwaka huu. Jipsamu, plaiwudi au mabamba ya plastiki, kulingana na mfuko. Kwa upande wa moto jipsamu ndiyo bora, na panapovuja ndiyo mbaya zaidi, kwa hiyo bati likaguliwe kwanza. Sebule na korido zitasubiri. Hakuna anayelala sebuleni, isipokuwa wageni, na wageni wa Karatu wanajua kuja na koti.

Juu ya dari hiyo, fedha ikipatikana, hutandikwa marobota ya pamba ya kioo yenye unene wa sentimita 10. Huzuia joto karibu sawa na zile sentimita 5 za povu, haiwaki kwa urahisi, na siku fundi akitaka kukagua mbao anaisogeza tu. Huwasha ngozi, hivyo anayeitandika avae mikono mirefu, glovu na barakoa. Wapo watakaosema mabua ya ngano yamejaa Mbulumbulu, kwa nini yasitumike? Yanazuia joto, ni kweli. Yanazuia pia usingizi, maana panya watahamia ndani ya wiki moja, na cheche moja ya umeme inatosha kuimaliza nyumba.

Kisha nyufa. Nafasi kubwa kuliko zote ni ile iliyo juu ya mtambaapanya, pale ukuta unapoishia na bati kuanza. Usiku ikitazamwa kutoka nje taa ikiwa imewashwa, mwanga huonekana umezunguka nyumba kama mkufu. Palipopita mwanga ndipo linapopita joto. Hapo hapahitaji povu. Vipande vya tofali na udongo wa saruji vinatosha, kazi ya siku moja. Chini ya mlango hulazwa mfuko mrefu wa kitambaa uliojazwa mchanga. Pazia zito la kitenge lililokunjwa mara mbili hufanya kazi kubwa kuliko pazia la nailoni lenye maua linalopendeza.

Tundu moja la hewa, dogo, lenye wavu, libaki juu ukutani kwa kila chumba cha kulala. Chumba kilichozibwa kabisa hukusanya unyevu, na kama kuna mtu mwenye kifua kikuu ndani ya nyumba, hewa isiyozunguka huwapelekea wengine.

Jiko

Hapa ndipo panapohitaji umakini kuliko popote, kwa sababu kila kilichoelezwa hapo juu kinaweza kumdhuru mtoto kama jambo hili litarukwa.

Mkaa unapoungua hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kuifungia oksijeni nje. Wengi huamini mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi umeshakuwa salama. Si kweli. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanaitoa kwa wingi, na moshi uliokuwa ukimtahadharisha mtu haupo tena. Anayelala nayo haamki akahangaika kutafuta mlango. Kichwa kinauma, mwili unalegea, usingizi unazidi. Mtoto mdogo huathirika mapema kwa sababu hupumua haraka zaidi.

Katika nyumba ya zamani yenye mianya kila upande, upepo ule ule uliokuwa ukilalamikiwa ndio uliokuwa ukiitoa sumu hiyo nje. Mama aliweka jiko chumbani mwaka juzi, mwaka jana, na hakuna lililotokea. Mwaka huu dari imepigwa, mtambaapanya umezibwa, mlango una mfuko wa mchanga. Jiko ni lile lile na chumba ni kile kile, lakini hewa haina pa kutokea.

Kwa hiyo mpangilio hauwezi kugeuzwa. Jiko litoke kwanza, nyumba izibwe baadaye. Familia isiyoweza bado kulitoa jiko ndani, kwa mfano inayopikia chumba kimoja na kulala humo humo, isizibe nyufa zake. Bora baridi.

Dalili za kuangalia ni kichwa kuuma kwa watu wawili au zaidi wa nyumba moja kwa wakati mmoja, kizunguzungu, kichefuchefu, mtoto kuwa mzito kuamka. Anayeona hivyo afungue milango na kuwatoa wote nje papo hapo, kisha wapelekwe hospitali hata kama wanajisikia nafuu, na daktari aambiwe kwamba kulikuwa na jiko la mkaa chumbani. Maelezo hayo yanaokoa muda, kwani dalili zenyewe hufanana na za malaria.

Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuzifikia asilimia 80 ya kaya ifikapo 2034. Mjini Karatu mitungi ya gesi ya kilo 6 imeshaingia nyumba nyingi. Lakini mtungi huivisha chai na maharage. Haupashi chumba joto, na usiingizwe chumbani kwa kazi hiyo. Ndiyo maana kaya nyingi zenye gesi bado zina jiko la mkaa kwa ajili ya Julai tu. Kupika kumepata jibu, baridi bado haijapata, na mkaa unarudi kwa mlango huo.

Wenye umeme hujaribu hita, na hapo LUKU husema yake. Mteja mdogo, anayebaki ndani ya uniti 75 kwa mwezi, hulipa takriban shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi. Mteja wa kawaida hulipa takriban shilingi 356. Hita ya wati 1,000 ikiwashwa saa tatu kila usiku hula uniti 90 kwa mwezi. Kaya iliyokuwa ikitumia uniti 50 kwa shilingi 6,100 inajikuta kwenye uniti 140, na ikihamishiwa kwenye kundi la kawaida ni karibu shilingi 50,000. Ongezeko la miezi mitatu ya baridi, zaidi ya shilingi 130,000, ni fedha ambayo ingeanzisha dari ya chumba cha watoto, na dari haikatiki uniti zikiisha.

Kwa familia ambayo mwaka huu haina fedha ya dari wala ya hita, ipo ile chupa ya hotelini. Lita moja na nusu ya maji ya moto huhitaji chini ya sehemu ya tano ya uniti moja ya umeme kuyapasha. Ni shilingi chache tu, au hakuna gharama kabisa kwa anayeweka birika kwenye mafiga ya nje baada ya ugali kuiva. Hupasha kitanda mahali mtoto alipo, wakati hita huhangaika na chumba kizima hadi kwenye bati. Mhudumu anayewaandalia wageni kila jioni anajua masharti yake kuliko mtu yeyote: maji yasiwe yanayochemka, yaachwe yapoe kwa dakika kadhaa, hewa itolewe kabla ya kukaza kifuniko, chupa ivishwe soksi nzito au kipande cha blanketi, iwekwe kitandani nusu saa kabla na kutolewa mtoto mdogo anapoingia. Mpira uliopasuka au kuwa mgumu hutupwa. Kichanga hawekewi chupa kabisa; yeye huvishwa kofia, soksi na nguo mbili, na kitanda chake husogezwa mbali na ukuta wa nje.